Sayyida Salme na Masanduku ya Vichezeo

Hapa Eldoret Idi haiji na upepo wa bahari. Huja na baridi ya asubuhi, na wanaume hutoka kwenda kuswali wamevaa makoti juu ya kanzu. Lakini imamu akishamaliza hotuba na watu wakishapeana mikono, Idi ya watoto huanza kama inavyoanza Mombasa, Lamu au Unguja. Watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakipokea mkono wa Idi, na fedha hizo hazilali mfukoni. Jua halijapanda sana zimekwisha fika kwa wachuuzi waliotandaza vichezeo kando ya barabara.

Idi moja nilisimama mbele ya mchuuzi mmoja pamoja na mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa miaka minane, mzaliwa wa huku huku bara. Nikavitazama vilivyotandazwa: watoto wa bandia wenye nywele za manjano, farasi wa plastiki, magari ya kila rangi, tarumbeta, bunduki za bandia, na visimu vinavyopiga muziki mtoto akivibonyeza. Mjukuu wangu akachagua gari, kisha akaniuliza sisi zamani tulikuwa tukichezea nini siku ya Idi.

Nikamweleza. Nikamtajia motokaa za waya, na magari ya kopo la Kimbo yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili kuukuu. Nikamtajia mpira wa matambara, pia za kuchonga, gololi, na tiara za karatasi tulizozitengeneza kwa njiti za makuti tukazirusha ufukweni Mombasa. Alinisikiliza kwa adabu, lakini niliona usoni mwake kwamba ananihurumia. Akasema basi watoto wa zamani hawakuwa na vichezeo vya kweli, na kwamba hivi vya kununua vimeletwa juzi juzi tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye utoto wake ulipita zaidi ya miaka 170 iliyopita. Tuliporudi nyumbani nilimkalisha mjukuu wangu nikamsimulia maisha ya bibi huyo, na leo nayasimulia tena kwenu, wasomaji wapenzi, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mzazi yeyote anayemnunulia mtoto wake zawadi ya sikukuu hatapoteza kitu akilijua.

KUZALIWA MTONI

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja, ukingoni kabisa mwa bahari. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyeuhamishia utawala wake Unguja na kuieneza mikarafuu katika visiwa vyetu. Mama yake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Charkas, aliyetolewa kwao katika nchi za milima ya Kaukazi akiwa mtoto mdogo kwa sababu ya vita.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Salme mwenyewe alikisia kuwa waliokaa humo, wake, masuria, watoto, watumishi na watumwa, walipita elfu moja. Uani palikuwa na tausi, paa, bata, mbuni na ndege wa kila namna waliozunguka wapendavyo, na hao ndio waliokuwa vichezeo vya kwanza vya watoto wa Sultani. Siku moja tausi mkali alimrukia mmoja wa ndugu zao. Watoto wakakusanyana, wakamkamata, wakamnyonyoa manyoya yake mazuri ya mkia. Kwa hiyo utundu wa watoto haukuanza na kizazi hiki.

Siku nyingine Salme, akiwa bado mdogo, aliukwea mnazi mrefu peke yake bila kamba miguuni, akafika juu kabisa, na kutoka huko akamwamkia mwanamke aliyekuwa akipita chini. Yule mwanamke alipoinua macho akapiga ukelele. Watu wakajaa, mama mtu akalia na kumwahidi mwanawe kila kitu kizuri ilimradi ashuke salama. Akashuka, na badala ya bakora akapewa zawadi. Mjukuu wangu aliipenda sana habari hii, nami ilinibidi nimwambie upesi kwamba asijaribu.

SIKU YA MERIKEBU

Sasa nifike kwenye masanduku. Sayyid Said alikuwa na merikebu zake mwenyewe zilizokwenda mbali, zikichukua karafuu na bidhaa nyingine za nchi na kurudi na mali za ng'ambo. Zilikwenda Marseille na London, zilikwenda Uajemi, India na Uchina. Kabla ya safari kila nahodha alipewa orodha ya vitu vinavyotakiwa, na katika orodha hiyo watoto nao walikuwa na haja zao.

Merikebu ilipotia nanga, siku iliwekwa ya kugawa kila kitu kwa wakubwa na wadogo. Salme anaeleza katika kitabu chake kwamba masanduku 20 hata 30 yalikuwa yamejaa vichezeo vitupu. Mlikuwa na farasi na magari. Mlikuwa na watoto wa bandia na mijeledi midogo. Mlikuwa na samaki na bata wa kuelea majini ambao mtoto huwavuta kwa sumaku. Mlikuwa na visanduku vya kupiga muziki, vikubwa kwa vidogo, pamoja na vinanda vya mkono, filimbi, tarumbeta na bunduki za bandia. Na watoto wasiporidhika na kilicholetwa, lawama zilimwangukia nahodha.

Msomaji na ailinganishe orodha hiyo na biashara ya yule mchuuzi wa hapa Eldoret: farasi, gari, mtoto wa bandia, tarumbeta, bunduki, chombo cha kupiga muziki. Zaidi ya miaka 170 imepita, na kilichobadilika ni plastiki na betri tu. Hata njia ni ile ile. Vitu hivi hutoka ng'ambo kwa meli na hushukia pwani kwanza. Tofauti ni kwamba zamani vilikomea kwenye jumba la Sultani, na leo hupanda lori mpaka huku nyanda za juu, na mtoto wa kinyozi anaweza kununua kimoja kwa mkono wake wa Idi.

IDI YA JUMBANI

Siku ya merikebu haikuwa siku ya Idi, ingawa kwa watoto ilikuwa kama Idi ya tatu. Idi zenyewe Salme alizikumbuka vizuri mpaka uzeeni. Wanawake walikesha wakijitayarisha kwa hina, nguo mpya na manukato. Mizinga ililia kutoka merikebu zilizokuwa bandarini. Wanaume walikwenda kuswali, na baadaye zawadi zikatoka katika hazina ya Sultani, kila mtu na fungu lake.

Tena jambo moja alilikumbuka kuliko zawadi zenyewe, nalo ni baba yake. Sayyid Said alikuwa na watoto wengi sana. Alipofariki walikuwapo hai 36. Baba wa watoto 36 mwenye dola mbili za kutawala angeweza kusameheka kama hakuyajua majina yao yote. Lakini katika kumbukumbu za Salme baba huyu ni mtu aliyewakaribisha watoto mezani pake, aliyewasikiliza, na aliyewaheshimu hata watumishi. Mtoto hukisahau kichezeo kilichovunjika, lakini uso wa aliyempa haumtoki.

JASHO LA NANI?

Si haki kusimulia habari ya masanduku hayo nikaishia kwenye furaha ya waliopewa. Yalilipiwa kwa karafuu, na karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa, zikachumwa na kuanikwa na watumwa. Mtoto wa mtumwa aliyekuwa shambani Kizimbani au Bububu hakuwekewa sanduku merikebuni. Yeye alicheza kwa alichookota: kifuu cha nazi, kuti, ganda la chungwa, udongo.

Sayyida Salme alizaliwa katika utaratibu huo na hakuupinga. Katika kitabu chake aliutetea, akidai kwamba watumwa katika nchi za Kiislamu hawakutendwa vibaya kama wengine, na kwamba Wazungu waliharakisha mno kuuondoa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukakomeshwa kisheria mwaka 1897. Maneno yake hayo hayajasahauliwa. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliuita uwanja mmoja kwa jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa sababu ya yale aliyoyaandika juu ya utumwa. Nayasema haya kwa kuwa wengi wetu wa pwani tuna damu ya pande zote mbili, ya waliopewa masanduku na ya waliochuma karafuu, na habari ya nusu si habari.

MFUPA WA NGAMIA

Salme alipofika umri wa miaka saba hivi alihama Mtoni pamoja na mama yake, akaenda kukaa mjini na ndugu yake Sayyid Majid. Huko alijifunza kupanda farasi vizuri, kutumia upanga na kupiga bunduki, mambo ambayo hayakuwa ya kawaida kwa msichana.

Lakini mchezo wake mkubwa aliucheza kwa siri. Wakati huo wasichana wa jumbani walifundishwa kuisoma Kurani Tukufu, ila kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono wake ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa, lakini ilikuwa imechelewa. Kitu kilichokwisha ingia mkononi hakitoki. Katika vyote alivyochezea utotoni, nadhani mfupa ule ndio uliomletea mema mengi na mabaya mengi.

Maana mwaka 1854 Sayyid Said alisafiri kwenda Oman, na watoto wakabaki wakingojea merikebu yake irudi. Ikarudi mwaka 1856, lakini safari hii haikuleta furaha. Sultani alikuwa amefariki baharini tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, na merikebu ikaleta maiti yake. Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Akahesabiwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi, shamba na fedha. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake, na utoto ukaisha kabisa.

Mwaka huo huo ndugu wakagombana. Sayyid Majid ndiye aliyekuwa amekalia kiti cha Unguja, na Sayyid Barghash akataka kukipindua. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu, akavutwa na dada yake Bibi Khole kuingia upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa njama ile. Mkono uliojifunza kwa mfupa wa ngamia ukaandika barua za kuagiza silaha na baruti, dhidi ya ndugu yule yule aliyemfundisha kupanda farasi. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Baadaye Salme alipatana naye, na kupatana huko kukamgombanisha na Khole na Barghash. Akawa mtu wa katikati, asiyeaminiwa kikamilifu na upande wowote.

SAFARI YA ADEN

Salme alikaa mashambani kwa muda, kisha akarudi mjini. Nyumba yake ilipakana na ya kijana mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, mtu wa Hamburg. Mapenzi yakaingia, na mwaka 1866 Salme akajikuta mja mzito. Hapana haja ya kuwaeleza wasomaji wa pwani maana ya jambo hilo kwa binti wa Sultani ambaye hajaolewa. Mwezi wa Agosti, 1866, usiku, alipanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akaenda zake Aden. Mwezi wa Desemba akajifungua huko mtoto wa kiume.

Tarehe 30 Mei, 1867, mjini Aden, Salme alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete. Msomaji Mwislamu hawezi kupita hapa bila moyo kumwuma, nami siwezi kulifunika. Aliiacha dini aliyozaliwa nayo, na kwa hilo jamaa zake wengi hawakumsamehe mpaka kufa kwao. Hata hivyo katika kitabu chake hakujisifu kwa jambo hilo. Alijiona Mkristo dhaifu na Mjerumani wa nusu, na moyo wake ulibaki ukiangalia nyuma. Hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani, na si kazi yangu mimi kuifunga.

Wakaondoka Aden kwenda Ulaya. Yule mtoto mchanga akafariki njiani kabla hawajafika Ujerumani. Hivyo binti aliyeletewa masanduku 30 ya vichezeo kutoka Ulaya aliingia Ulaya mwenyewe mikono mitupu.

MJANE WA HAMBURG

Mjini Hamburg Mungu alimpa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Hata katika nchi ile ya baridi hakuacha kuwapa majina ya kwao. Antonie aliitwa pia Thawka, mdogo akaitwa pia Ghuza, na mvulana, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Rudolph, alipewa jina la babu yake. Lakini mwezi wa Agosti, 1870, Rosalie akiwa mtoto wa miezi michache tu, Ruete alipata ajali ya tramu akafariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya watu, lugha hajaishika sawasawa, na sheria za mji ule hazikumruhusu mwanamke kusimamia mali ya marehemu mumewe bila wasimamizi wanaume. Mali ikapungua. Urithi wake wa Unguja nao ulizuiwa.

Alihama mji baada ya mji kutafuta maisha ya bei nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko. Akapata riziki kwa kufundisha Kiarabu, yaani kwa zile zile herufi za mfupa wa ngamia.

Hapa mimi husimama nikawaza. Ujerumani ya karne ile ndiyo iliyokuwa nchi ya mafundi wa vichezeo. Nürnberg na vijiji vya milimani huko Saksonia vilichonga farasi na askari wa mbao na kufinyanga nyuso za watoto wa bandia kwa ajili ya dunia nzima, na kila mwezi wa Desemba madirisha ya maduka yalijaa vitu hivyo. Mjane huyu alipita mbele ya madirisha hayo na watoto watatu mkononi. Vitu vilivyokuwa vikimfuata Mtoni kwa merikebu sasa alikuwa amevifuata kwao, wala hakuwa na uwezo wa kununua kama zamani. Sidhani kuna mzazi, Mwislamu au asiye Mwislamu, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kitu na mtoto wake huku akihesabu fedha mfukoni kwa vidole.

KICHEZEO CHA WAKUBWA

Miaka hiyo ndugu yake Barghash alikuwa ndiye Sultani, tangu mwaka 1870. Salme alitamani kurudi, kupatana naye na kupata haki yake. Mwaka 1885 nafasi ikatokea, lakini si kwa heri. Wajerumani walikuwa wakizitaka nchi za bara ambazo Barghash alizihesabu zake, wakatuma manowari Unguja kumtisha, na Salme wakamchukua pamoja na watoto wake. Dada wa Sultani, raia wa Ujerumani, anayedai urithi: ilikuwa hoja nzuri ya kuiweka mezani. Walipopata walichokitaka kwa Barghash, habari ya Salme haikutiliwa tena maanani. Aliyekuwa akichezea vichezeo vya Ulaya sasa alifanywa kichezeo na serikali ya Ulaya.

Barghash alikataa kuonana naye. Lakini watu wa mjini hawakukataa. Baada ya miaka 19 alitembea tena katika vichochoro vya Unguja, na watu walimkusanyikia na kumwamkia. Jumba la Mtoni alilikuta limechakaa. Mwaka uliofuata, 1886, kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka Berlin, na kwa kitabu hicho ndiyo tunajua leo habari za tausi, mnazi na masanduku. Alikuwa amekiandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi.

Mwaka 1888, Barghash alipokwisha fariki, Salme alikwenda Unguja mara ya pili. Safari hiyo pia haikumpa kitu. Hakurudi kukaa Ujerumani mara moja. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akaishi miaka mingi katika nchi zile ambako angalau adhana na Kiarabu vilisikika dirishani. Mwaka 1914, mwaka wa vita vikuu, akarudi Ujerumani kukaa na jamaa zake. Karibu na mwisho wa maisha yake, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, serikali ya Zanzibar ilimpa pensheni ndogo.

MCHANGA

Sayyida Salme alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, mahali pa ukoo wa mumewe. Katika vitu vyake palikutwa kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja. Alikuwa amekihifadhi miaka yote hiyo, akakihamisha mji kwa mji, na kikazikwa pamoja naye.

Mwaka huo huo wa 1924 reli ilifika hapa Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo kwa sababu ya lile shamba nambari 64. Njia ya bidhaa za ng'ambo kutoka Bandari ya Mombasa ikawa fupi, na watu wa pwani nao wakazidi kupanda kuja huku, wafanyabiashara, mafundi, makarani, walimu wa madrasa. Wengine tumezaa na kujukuu hapa, na wajukuu wetu wanaijua bahari kwa picha.

Katika Makumbusho ya Jumba la Sultani mjini Unguja kulitengwa chumba cha kumkumbuka Sayyida Salme, na huko Mtoni yalibaki magofu. Kati ya zile farasi, tarumbeta na visanduku vya muziki, sikumbuki kusikia hata kimoja kilichosalia. Katika vyote alivyowahi kuchezea, alichoshika mpaka mwisho ni kile ambacho hakikununuliwa wala hakikuletwa na merikebu, ambacho mtoto wa Sultani na mtoto wa mtumwa walikuwa nacho sawa sawa chini ya nyayo zao.

Nilipofika hapo mjukuu wangu alikuwa kimya, gari lake la plastiki mapajani. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa akifikiri, kwani aliniuliza kama mchanga wa Mombasa ni sawa na wa Unguja, na kama mtu anaruhusiwa kuuchukua.

Simkatazi mtu kumnunulia mtoto wake kichezeo cha Idi. Furaha ya mtoto siku ile ni sunna njema, na mimi mwenyewe nililipia gari lile. Lakini tumpe kwa mkono wetu wenyewe, tukae naye kidogo, tumwambie ametoka wapi. Nasi tuliohamia bara tusiwaache watoto wetu wakaijua pwani kwa masimulizi tu. Idi ijayo, inshallah, tutaswali Mombasa. Gari lile lilikwisha vunjika gurudumu siku ya tatu. Mjukuu wangu halitaji tena. Anachoniuliza kila siku ni lini tutakwenda kuuona mchanga.